Koneksheni Haipatikani kwa Kugawa Kadi

Wanaohudhuria makongamano ya wafanyabiashara na wanataaluma wengi hufuata koneksheni, kisha hurudi nyumbani na rundo la kadi ambazo wiki ikiisha hawajui ipi ni ya nani. Mwaka 2007 Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha utafiti wa hafla moja ya namna hiyo. Wageni wapatao 100 walivaa beji za elektroniki zilizorekodi nani anaongea na nani. Karibu wote walikuwa wamesema wanataka kufahamiana na watu wapya, lakini kwa wastani walitumia nusu ya muda na watu wanaowajua, ambao walikuwa kama theluthi tu ya waliokuwepo.

Ushauri wa kawaida ni kuwa jasiri na kuzunguka ukumbi mzima. Ni nusu ya ukweli. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba, miongoni mwa Wamarekani aliowachunguza, wengi wa waliopata kazi kupitia mtu waliambiwa na mtu waliyeonana naye mara mojamoja au kwa nadra. Rafiki wa karibu anajua yaleyale tunayoyajua. Ila utafiti wa mwaka 2022 uliohusu watumiaji wa LinkedIn wapatao milioni 20 ulibaini kuwa wanaofaa zaidi katika kupata kazi si wa mbali kabisa, bali wa katikati. Kadi uliyopokea bila mazungumzo haijafika hapo katikati. Kwenye foleni ya chai, ukimuuliza msimamizi wa ghala la dawa “Uko kampuni gani?”, atajibu kwa neno moja na kugeukia vitumbua. Muulize mvua zikikata barabara mzigo wanaupitisha wapi, naye atakueleza mpaka chai ipoe. Kesho yake mwandikie ujumbe mfupi kuhusu jambo mlilozungumza, bila kuomba chochote. Watu wawili wa namna hiyo kwa hafla moja wanatosha kabisa.

Wapo watakaosema huku ni kupamba upendeleo, maana nafasi ngapi zimetolewa kwa kujuana! Lawama hiyo ina msingi, lakini kumwambia mtu kwamba nafasi imetangazwa si sawa na kumpitisha mlango wa nyuma. Kinachosafiri kwa watu wa mbali hasa ni habari. Wengine watauliza kijana asiye na cheo atampa nini mkurugenzi. Anazo habari za mtaani ambazo mkurugenzi hazipati ofisini: wateja wanalalamikia nini, vijana wamehamia programu ipi ya simu. Hoja ngumu zaidi ni ya yule asiyemudu kiingilio cha hafla ya hotelini, na hoja hiyo haimalizwi na bidii ya mtu mmoja. Waandaaji, pangeni viti vya bure kwa wanaoanza kazi, fupisheni hotuba, na muwape watu saa nzima ya chai.