Kinyonga Mgeni Bandani: Kibali Kwanza, Halafu Maji, Chakula Baadaye

Siku hizi napata maswali mengi ya kinyonga, kuanzia Kahama mpaka Chato, na yako ya aina mbili. Wapo wanaosema kuna mnunuzi kawaahidi hela nzuri kwa kila kinyonga watakayemkamata. Wapo pia wenye bustani ndogo za wanyamapori, wanaouliza kwa nini vinyonga wanaoletewa wanakufa ndani ya wiki mbili tatu.

Hao wa kwanza niwajibu haraka: usikamate. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali, hata kama kinyonga umemkuta kwenye mchungwa wako mwenyewe. Usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulifungwa mwaka 2016. Juni 2022 TAWA ilitangaza kuwapa wafanyabiashara miezi 6 wamalize wanyama waliobaki mabandani, na waziri akasitisha tangazo hilo karibu papo hapo. Kwa hiyo anayekuambia dili liko wazi anakuuzia kesi. Na akitaka utangulize hela ya kibali yeye mwenyewe akushughulikie, hapo ndugu yangu kimbia.

Sasa tuje kwa mwenye karatasi zake sawasawa.

Kinyonga wa porini akifika kwako, mhesabu kuwa ni mgonjwa tayari. Mara nyingi amekamatwa usiku kwa tochi, maana usiku hulala kwenye ncha ya tawi, rangi inapauka, na anaonekana kirahisi. Ametiwa kwenye mfuko au boksi, pengine na wenzake, wakati yeye ni mnyama wa kukaa peke yake na kumuona tu kinyonga mwingine kunamsumbua. Siku zote hizo hajanywa maji. Minyoo aliyokuwa akiishi nayo porini bila shida sasa inapata nguvu kwa sababu mwili umechoka. Kuku akiumwa utamuona asubuhi amejikunyata. Kinyonga anaficha ugonjwa, anakaa tawini kama kawaida mpaka siku anaanguka.

Swali la kwanza la kumuuliza aliyemleta ni: katoka wapi? Hili watu wanalipuuza na ndilo linaloua wengi. Kinyonga wa huku kwetu, yule mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, anazoea joto la nyuzi 26 hadi 30 mchana. Lakini yule wa pembe tatu wa Usambara Mashariki ni wa misitu ya milimani, kwenye ubaridi na ukungu. Ukimleta Shinyanga mwezi Septemba, bati juu, jua limepita nyuzi 30, umemuua hata kama unamlisha vizuri. Kama huna chumba chenye ubaridi, mkatae mlangoni.

Banda lake liwe la wavu pande zote ili hewa ipite. Wavu wa mbu wa madirishani unafaa, ule wa kuku matundu yake ni makubwa. Urefu ni muhimu kuliko upana, maana yeye ni wa kupanda. Weka matawi membamba na mmea wenye majani mengi ajifiche. Kila mmoja na banda lake, na katikati weka kitambaa wasionane. Jua la asubuhi alipate moja kwa moja, si kupitia kioo, ila nusu ya banda iwe kivuli ajichagulie mwenyewe. Mbali na mbwa, redio na watoto. Na mhudumu awe mtu asiyemuogopa. Wengi tumekua tukiambiwa kinyonga ni mkosi au ana sumu. Sumu hana, akikung'ata atakufinya tu.

Maji ndiyo roho ya kazi hii. Usimtegee bakuli, kwa kawaida hanywi kwenye bakuli. Anaramba matone kwenye majani. Chukua chupa ya plastiki, toboa kitundu kwa sindano, itundike juu ya mmea idondoke taratibu. Zaidi ya hapo nyunyiza majani asubuhi na jioni kwa dakika kadhaa, siku za kiangazi ongeza mara ya tatu, halafu acha banda likauke katikati. Kinyunyizio kiwe kipya. Bomba lililowahi kubeba dawa ya pamba halioshwi likatosha. Ndugu zangu wa Geita, msichote maji ya madimbwi ya karibu na mialo, zebaki haionekani kwa macho.

Macho yaliyodidimia ni dalili ya kiu. Angalia pia kinyesi: ile sehemu inayotakiwa kuwa nyeupe ikiwa ya njano iliyokolea au rangi ya chungwa, maji hayatoshi. Rangi ya mwili kuwa nyeusi muda wote ni hofu au baridi.

Siku ya kwanza usimsumbue na chakula, anywe tu. Kuanzia siku ya pili mpe wadudu wawili watatu wadogo: panzi, nyenje, nzi. Wadudu waliookotwa kwenye pamba iliyopulizwa ni marufuku. Wanaofuga nzi chuma kwa ajili ya kuku mna bahati, acheni baadhi ya funza wawe nzi, anawapenda. Nyunyizia wadudu unga laini wa maganda ya mayai, mifupa yake inahitaji chokaa.

Dawa ya minyoo ya kuku usimpimie kwa jicho. Kinyonga dhaifu ukimpa siku ya kwanza, dawa yenyewe inaweza kummaliza. Mwache anywe na kula kwanza, kisha kusanya kinyesi kibichi kipimwe maabara ya mifugo, TVLA wana kituo Mwanza, na daktari aamue kipimo kwa uzito. Mizani ndogo ya kupimia gramu inakufaa kila wiki. Osha mikono kila ukimshika.

Jike akianza kushuka chini na kuzunguka, usidhani anatoroka. Majike wengi wa porini hufika na mimba. Huyu wa kwetu anaweza kutaga mayai 25 hadi 40, na akikosa pa kuchimba anaweza kufa nayo tumboni. Weka ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu kidogo, kina sentimita 30, na funika banda asitazamwe. Akimaliza mpe maji mengi. Mayai yahamishe bila kuyageuza, weka alama ya penseli upande wa juu, na andika tarehe kwenye kopo, maana yanaweza kuchukua miezi mingi kabla ya kuanguliwa.