Samaki wa Magadi ndio wanaompimia joto

Kwenye chemchemi za Ziwa Magadi, kiongozi wa msafara kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, huwasimamisha wageni wake kabla hawajavua viatu. Zamani alikuwa kondakta wa matatu, na sauti ya kuamrisha watu bado anayo. Hatazami mvuke. Anachuchumaa ukingoni, anachungulia majini, anatafuta samaki.

Wakiwepo, anachovya mkono kwanza, kisha anaruhusu miguu. Wasipokuwepo, hakuna kusogea. Chemchemi nyingine za huku hupita nyuzi 80 za selsiasi, na hakuna ubao wa kukwambia ni ipi.

Samaki mwenyewe kwa kawaida hazidi urefu wa kidole. Wanasayansi humwita Alcolapia grahami, na ni wa ukoo mmoja na ngege anayekaangwa mitaani. Maji yanayozidi nyuzi 40 kidogo bado anayamudu, ingawa yana magadi makali hata pH inakaribia 10. Samaki wengi hutoa taka ya mwili kama amonia kupitia matamvua. Katika maji haya amonia ingebaki mwilini na kuwaua. Huyu hutoa urea, kama tunavyofanya binadamu. Katikati ya karne iliyopita alipelekwa Ziwa Nakuru ili apunguze viluwiluwi vya mbu. Akazaana, na ndege aina ya mwari wakamfuata kwa maelfu. Kiumbe mdogo namna hii!

Safari huanzia Umoja Jumamosi asubuhi kwa matatu ya kukodi, ikiokota watu Donholm na Buruburu, kisha Rongai, Kiserian, na ule mteremko mrefu wa kuingia Bonde la Ufa. Mahema husimamishwa Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940, na ambako mashoka ya mawe ya mamia ya maelfu ya miaka yangali yamelala pale yalipokutwa. Kesho yake ni Magadi, mji wa kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911, wenye reli yake kutoka Konza. Ziwa ni gamba jeupe na jekundu la magadi, yaleyale yanayolainisha maharagwe na mrenda jikoni Kayole.

Mwanzoni, kwa maelezo ya kiongozi huyo, wateja walikuwa vijana wa kupiga picha. Siku hizi wanakuja na mama zao. Akina mama hukaa ukingoni, leso zimekunjwa juu ya magoti, wakisema maumivu yanapungua. Wamaasai wa hapa wameyaoga maji haya tangu zamani na huyasifia vivyo hivyo. Yeye haahidi mtu tiba. Anachojua ni kwamba mamake mwenyewe alilala vizuri usiku wa siku aliyomleta hapa, na kwake hilo si dogo.

Kinachomkera ni sabuni. Amewahi kukuta povu kwenye mfereji wenye samaki, akawafokea wageni wa msafara mwingine, nao wakamuuliza yeye ni nani. Hakuwa na jibu. Wageni wake mwenyewe anawapekua mikoba kabla ya kushuka garini, na sabuni zote hubaki kwa dereva. Lakini misafara inaongezeka kila likizo, na si kila kiongozi anajua kwamba kuna samaki mle. Nani atawaambia?