Tarehe Saba Aprili: Vilio na Vigelegele

Mazungumzo ya ibada redioni. Somo: Warumi 12:9-16



Leo twawaomba mtazame kalenda, ile iliyotundikwa ukutani, mfungue mwezi wa Aprili. Kwetu Kenya tarehe saba haina wino mwekundu. Ni siku ya kazi kama nyingine, isipokuwa pale Pasaka inapoangukia hapo, kama ilivyotokea mwaka 1985 na mwaka 1996, au Ijumaa Kuu, kama mwaka 2023. Miaka mingine watu hunywa chai yao ya asubuhi, mmoja akaenda shambani na mwingine akafungua duka, wala hakuna anayeuliza leo ni siku gani.

Lakini ukivuka mpaka kuingia Tanzania utakuta ofisi zimefungwa. Hiyo ni Siku ya Karume. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, alipigwa risasi akafa. Alikuwa Kisiwandui, mjini Unguja, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, akicheza bao na wenzake. Alizikwa hapo hapo Kisiwandui, na kila mwaka viongozi wa nchi hukusanyika hapo kwa hitima na dua. Wako Wazanzibari wanaomkumbuka kwa zile eka tatu tatu walizogawiwa wakulima na kwa majumba marefu ya Michenzani. Wako pia ambao jamaa zao waliuawa au walipotea katika miaka ile ya mapinduzi, na hao wana kumbukumbu zao. Hata ndani ya kisiwa kimoja, basi, siku haina sura moja katika kila nyumba.

Kusini ya Tanzania ni Msumbiji, na huko siku hiyo hiyo utasikia vigelegele. Ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Akina mama huvaa kapulana zao, ambazo ni ndugu wa kanga na vitenge vyetu, huandamana na kuimba na kucheza. Hata hivyo sherehe hiyo nayo ilizaliwa na kifo. Josina Muthemba alizaliwa mwaka 1945 katika mkoa wa Inhambane. Babu yake upande wa baba alikuwa mhubiri wa Kipresbiteri, mzee wa kawaida asiye mchungaji, aliyewaambia watu wasikubali kumezwa na Wareno. Josina alipokuwa kijana alitoroka ili ajiunge na FRELIMO; mara ya kwanza alikamatwa njiani, akarudishwa, akatiwa kifungoni. Alijaribu tena, akafika Tanzania. Alifanya kazi pamoja na kikosi cha wanawake, akasaidia kuanzisha vituo vya kulea watoto ambao vita viliwaacha yatima. Mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel. Tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam kwa ugonjwa, akiwa na umri wa miaka 25, akamwacha mtoto wake angali mdogo sana.

Hesabuni wenyewe. Mwaka 1971 kifo Dar es Salaam. Mwaka 1972, tarehe ile ile, kifo Unguja. Misiba miwili katika Jamhuri moja, na leo mmoja hukumbukwa kwa hitima na mwingine kwa ngoma. Hatuoni sababu ya kusema kwamba mmoja wao amekosea. Sisi wenyewe tuna mila ya kumpa mtoto jina la marehemu, na jina lile tulilolitaja kwa machozi kaburini twaliita kwa sauti kubwa uani, kumwambia mtoto aje ale.

Kuna jambo jingine la siku hiyo ambalo ni la dunia nzima. Tarehe 7 Aprili 1948 ndipo katiba ya Shirika la Afya Duniani ilipoanza kutumika, na tangu mwaka 1950 tarehe hiyo imekuwa Siku ya Afya Duniani. Kila mwaka huchaguliwa neno moja la kutiliwa mkazo. Mwaka 2020, korona ilipokuwa imefunga makanisa yetu, siku hiyo ilikuwa ya wauguzi na wakunga. Mwaka 2025 ilikuwa kwa ajili ya afya ya mama na ya mtoto mchanga. Watu wa makanisa yetu wana sababu ya kuijali, kwa maana wengi wetu tulizaliwa au tulitibiwa katika hospitali zilizoanzishwa na misheni, kama Tumutumu, Maseno, Chogoria na Kaimosi.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka Armenia. Wakristo wa huko huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 6 Januari. Ukihesabu miezi tisa kurudi nyuma wafika tarehe 7 Aprili, nayo ndiyo sikukuu yao ya malaika kumpasha Mariamu habari, kama tunavyosoma katika Luka sura ya kwanza. Siku hiyo nchini mwao pia huwaheshimu akina mama. Waorthodoksi wa Urusi na Serbia nao huadhimisha habari hiyo tarehe 7 Aprili, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Sikukuu yao ni tarehe 25 Machi, ila kanisa lao bado linafuata kalenda ya kale ya Kirumi, ambayo kwa sasa iko nyuma ya yetu kwa siku 13. Kwa hiyo watu wawili wanaohesabu kwa njia mbili hukutana katika siku moja, mbele ya msichana mmoja wa Nazareti.

Na kuna neno la kushangaza zaidi. Wakristo wengi wa zamani, Agostino akiwa mmoja wao, waliamini kwamba Bwana wetu alitungwa mimba na kusulubiwa katika tarehe ile ile, yaani 25 Machi. Wataalamu wa siku hizi wamepiga hesabu kwa kufuata mwandamo wa mwezi na Pasaka ya Wayahudi, na wengi wao huzitaja tarehe mbili ambazo huenda mojawapo ndiyo siku ya msalaba: tarehe 7 Aprili mwaka 30, au tarehe 3 Aprili mwaka 33. Hatujengi imani yetu juu ya hesabu hizo. Wokovu wetu hautegemei kalenda, na Paulo katika Warumi 14 amewaachia waaminio uhuru, huyu aiheshimu siku na yule azione zote kuwa sawa. Lakini wale wa kale waliona jambo tunalopenda kulisahau: habari ya mimba na habari ya kaburi zaweza kuingia katika siku moja, na Mungu asishindwe na yoyote kati ya hizo.

Tumeacha Rwanda iwe ya mwisho kwa sababu yatupasa kukaa hapo kwa muda.

Mwaka 1994 Pasaka ilikuwa tarehe 3 Aprili. Rwanda ilihesabiwa miongoni mwa nchi za Kikristo kuliko nyingi za Afrika. Jumapili ile makanisa yalijaa, watu wakaimba kwamba Bwana amefufuka. Jumatano jioni, tarehe 6, ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi ilitunguliwa karibu na Kigali. Alhamisi asubuhi, tarehe 7, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Leo nguzo 10 za mawe zimesimama Kigali kwa ajili yao. Siku hiyo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza kuenea. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya Rwanda yenyewe. Wahutu waliokataa kuua, au waliowaficha jirani zao, nao waliuawa.

Watu walikimbilia wapi? Walikimbilia makanisani. Katika machafuko ya miaka ya nyuma kanisa lilikuwa mahali pa usalama, na waliliamini. Huko Nyamata na Ntarama makanisa waliyokimbilia yamekuwa makumbusho, na nguo za waliouawa zimewekwa humo.

Msikilizaji asidhani kwamba hayo yalikuwa ya Wakatoliki peke yao. Huko Mugonero, magharibi ya nchi, Waadventista walikuwa na kanisa na hospitali. Maelfu walikimbilia hapo. Wachungaji waliokuwa kati yao walimwandikia barua kiongozi wao wa kanisa, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimwambia kwamba wamepata habari ya kuuawa kesho yake, nao wakamsihi awaombee kwa wakubwa. Kesho yake, tarehe 16 Aprili, ilikuwa Jumamosi, Sabato yao. Walishambuliwa, wengi sana wakafa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimpata mchungaji huyo na hatia ya kusaidia mauaji ya kimbari, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mwanawe, aliyekuwa daktari katika hospitali ile ile, alihukumiwa miaka 25. Tumetoka kuzungumza juu ya Siku ya Afya. Yatupasa kulitaja na hili.

Wala hatumnyoshei kidole mtu wa dhehebu jingine wala wa nchi nyingine. Tarehe 1 Januari 2008, Siku ya Mwaka Mpya, watu waliokimbia ghasia za uchaguzi walikuwa wamejificha ndani ya kanisa huko Kiambaa, karibu na Eldoret. Kanisa lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao akina mama na watoto. Huyo si Mnyarwanda aliyefanya hivyo. Kila mwaka tunapokesha kuamkia mwaka mpya, tukapiga makofi na kutakiana heri, kuna mtu mahali fulani nchini ambaye Januari mosi kwake ni moshi. Huenda ameketi benchi moja nawe.

Nabii Isaya, katika sura ya kwanza, asema kwa ukali kwamba Mungu amechoshwa na mwandamo wa mwezi na sikukuu za watu ambao mikono yao imejaa damu. Hakusema hivyo kwa kuwa sikukuu ni mbaya. Ni Mungu mwenyewe aliyewapa. Walizishika barabara, tarehe haikuwapita hata moja, lakini yatima na mjane wa mtaani hawakuwaona. Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1994 yatuuliza swali hilo hilo, nasi tungependa kulikwepa.

Siku hizi tarehe 7 Aprili nchini Rwanda ndiyo mwanzo wa Kwibuka, maana yake kukumbuka. Mwenge huwashwa huko Gisozi, Kigali, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Kwa juma zima nchi hukaa katika maombolezo, na sherehe na muziki wa anasa husimama. Umoja wa Mataifa nao, tangu uamuzi wake wa mwaka 2003, huiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya kutafakari mauaji yale.

Fikirini basi kanisa moja la Nairobi, la Mombasa au la Nakuru, ambamo Mnyarwanda na mama wa Msumbiji wameketi pamoja na muuguzi wa hospitali ya wilaya. Ni tarehe 7 Aprili. Mmoja ameamka akilia, mwingine amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, wa tatu ametoka zamu ya usiku hata hakumbuki tarehe. Paulo, katika somo letu la leo, ametuagiza kufurahi na wenye furaha na kulia na wenye kulia. Ameyasema yote mawili kwa pumzi moja. Hakuwapangia wafurahi mwezi huu, walie mwezi ujao. Ni agizo gumu kuliko linavyosikika, kwa maana huwezi kulitimiza kabla hujajua ni nani anayelia. Na kujua, hapana budi kuuliza.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama jambo moja la kufanya. Mnapokaa kupanga kalenda ya mwaka ya kanisa, ya harambee, arusi, semina na makongamano, waulizeni washirika kama wana siku ambayo wangependa ikumbukwe katika maombi. Siku ya kijiji kilichochomwa. Siku ya mtoto aliyepona baada ya madaktari kukata tamaa. Ziandikeni kwa kalamu kando ya zile zilizopigwa chapa. Ikiwa arusi imeangukia siku ya maombolezo ya mshirika mwingine, msiifute arusi. Mwendeeni yule mwenye msiba siku moja kabla, mkae naye, mle naye.

Na tuombe. Ee Baba, mwaka huu tarehe saba Aprili itakapofika, uwe pamoja nao Kigali, Maputo na Unguja, na pamoja na muuguzi aliye zamu usiku huo. Kwa wale wa Kiambaa, Januari mosi isipite tena bila jirani kubisha mlangoni. Twaomba katika jina la Yesu. Amina.