Sauti ya Mfasiri katika Picha za Video: Maelezo juu ya Kichekesho kimoja cha Wahalifu na Faida yake kwa Kiswahili

I. Makusudi ya makala haya

Makala haya yakusudia kueleza jambo ambalo wataalamu wa lugha wamelipita kando kwa muda mrefu, yaani maneno yanayosemwa juu ya picha za sinema zinazouzwa ili zitazamwe nyumbani au vibandani. Mfano wetu ni picha moja ya kichekesho cha wahalifu iliyotengenezwa Kampala na watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, ikauzwa katika diski mlango kwa mlango, kisha ikatolewa tena Marekani kwa watazamaji wa majumbani. Lakini mfano huo tutautazama tukiwa tumesimama Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, na sababu ni mbili.

Ya kwanza, mtu wa Marangu ana lugha zaidi ya moja kinywani: Kivunjo nyumbani, Kiswahili sokoni na shuleni, na Kiingereza darasani na kwa wageni wanaokuja kupanda mlima. Ya pili, kazi ya kusimama kati ya mtu na jambo lililo geni kwake ni kazi ya zamani mahali hapo. Hans Meyer alipita Marangu kabla ya kufika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na wenyeji humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyemwongoza. Kiongozi wa mlima haubadili mlima, lakini pasipo yeye mgeni hajui aweke wapi mguu. Msomaji ataona mbele ya kuwa mfasiri wa picha ni kiongozi wa namna hiyo, ila yeye hupenda kuubadili na mlima wenyewe.

II. Picha na sauti kabla ya video

Haifai kudhani ya kuwa desturi ya kutia maneno ya Kiafrika juu ya picha ilianza na video. Kati ya miaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza sinema za mafundisho kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt. Picha zilipigwa kwa gharama ndogo, zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Maneno hayakuwa ndani ya filamu yenyewe. Yalitiwa katika sahani za santuri, mbali na picha, ili picha moja iweze kusema lugha hii hapa na lugha nyingine kule. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwani tutalirudia mwishoni: sauti ilikuwa mbali na picha ilikuwa mbali.

Kichekesho cha ulaghai nacho si kigeni kwetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 ilipigwa Tanganyika picha iitwayo Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba aingiaye Dar es Salaam na kukutana na hila za watu wa mjini. Aliyeigiza humo ni Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kwa hiyo hadithi ya mjinga na matapeli, inayochekesha na kuonya pamoja, ilikwisha kupata Kiswahili chake kabla ya uhuru.

Baadaye zikaja kanda za video, na badala ya watu kuifuata sinema mjini Moshi au Arusha, sinema ikawafuata watu vijijini. Televisheni na mashine moja ya kuchezea kanda, pamoja na jenereta pasipokuwa na umeme, vilitosha kufanya jumba la sinema. Katika Tanzania mahali hapo huitwa kibanda umiza, na wingi wake vibanda umiza. Jina ni la mzaha, na muundo wake wafaa kuangaliwa, maana ni jina likifuatwa na shina tupu la kitenzi kuumiza. Waganda nao huliita jumba la namna hiyo kibanda, na wingi wake katika Kiganda ni bibanda. Kanda na vyombo vilitoka ng'ambo, lakini mahali pa kutazamia palipata jina la kwetu.

III. Mfasiri na kazi yake

Picha nyingi zilizofika vibandani zilisema Kiingereza, Kihindi au Kichina. Hapo akatokea mtu wa kusema juu yake kwa lugha ya watazamaji. Uganda huitwa VJ; Kenya na Tanzania huitwa DJ, na picha aliyoisemea huitwa filamu iliyotafsiriwa. Mwanzoni mtu huyo alisema papo hapo mbele ya watazamaji. Baadaye sauti yake ilinakiliwa katika kanda na diski, zikauzwa mbali na mahali alipo. Katika Tanzania aliyepata sifa kubwa ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Katika Kenya ni DJ Afro. Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, aliieleza kazi hii mwaka 2010 kwa mfano wa wali unaogeuzwa kuwa pilau: mchele ni ule ule, lakini viungo ni vya mpishi.

Kazi yenyewe ina sehemu nne. Kwanza, mfasiri hufasiri maneno ya waigizaji, aghalabu kwa muhtasari. Pili, hueleza yale ambayo picha haikuyasema: huyu ni nani, yule amekasirikia nini, mahali hapa ni wapi. Tatu, hutania; humpa mwigizaji jina la utani, au humfananisha na mtu ajulikanaye na watazamaji. Nne, huwahimiza watazamaji, akiwaonya ya kuwa jambo kubwa li karibu. Aliyepata kumsikia bibi akitamba hadithi jioni, akianza kwa Paukwa na kuitikiwa Pakawa, atatambua mara moja ya kuwa sehemu tatu za mwisho ni kazi ya mtambaji. Mfasiri wa video ni mtambaji aliyepewa hadithi ya mtu mwingine.

IV. Picha ya Wakaliga

Sasa tuutazame mfano. Isaac Nabwana, mtu aliyepata kufyatua matofali, alianzisha mwaka 2005 kampuni ndogo iitwayo Ramon Film Productions katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Mwaka 2010 ilitoka picha yake Who Killed Captain Alex?, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Nani Alimwua Kapteni Alex? Fedha zilizotumika husemwa kuwa dola 200 au pungufu. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na waigizaji ni watu wa mtaani.

Hadithi ni fupi. Kapteni Alex atumwa kulivunja genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia, ambalo mkuu wake ni Richard. Ndugu yake Richard akamatwa, Richard ataka kisasi, na Alex aonekana amekufa. Ndugu yake Alex, Bruce U, mwenye ufundi wa mapigano ya Kichina, aja kumtafuta mwuaji. Mwuaji hajulikani hata mwisho. Vita ni vingi, lakini watazamaji hucheka, na sababu kubwa ya kicheko ni sauti ya mfasiri, VJ Emmie, asemaye tangu mwanzo hata mwisho, akiisifu picha, akiwatania waigizaji, na kujivunia Uganda.

Diski ziliuzwa kwa mikono, waigizaji wenyewe wakizungusha mlango kwa mlango, kwani wanakili haramu hawakawii. Mwaka 2016 Nabwana alitoa picha nyingine, Bad Black, habari za mwanamke mwizi na daktari wa Kimarekani aibiwaye, kisha afundishwaye ukomando na mtoto wa mtaani. Mwaka 2019 hazina ya sinema iitwayo American Genre Film Archive, iliyoko Texas, ilizitoa picha hizo mbili pamoja katika diski ya Blu-ray.

Jambo linalotuhusu sisi ni hili. Nakala ya Kapteni Alex isiyokuwa na maneno ya mfasiri imepotea; nafasi ya kuhifadhia katika kompyuta ya mtengenezaji ilikuwa haba, naye alihitaji kuendelea na kazi nyingine. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie. Basi maneno yaliyokuwa kama nguo juu ya mwili yamekuwa sehemu ya mwili wenyewe. Anunuaye diski hiyo Marekani au Ulaya hapati picha halafu tafsiri. Apata mtambaji na hadithi yake kwa pamoja, wala hawezi kuwatenganisha. Kwa bahati hiyo, usemi wa kibandani wa Kampala, katika Kiingereza chenye lafudhi na mizaha ya Kiganda, umepata kuhifadhiwa kwa namna ambayo usemi wa wenzao wa Kiswahili haujapata.

V. Ugumu wa kukifasiri kichekesho cha wahalifu

Yaweza kuulizwa: usemi huo una nini cha kumfaa mtaalamu? Tujaribu kuipeleka picha ile Marangu, tumweke mfasiri wa Kiswahili mbele ya watazamaji, tuone atakutana na nini.

Atajikwaa kwanza katika jina la genge. Kwa Mtanzania, Mafia ni kisiwa kilichoko kusini ya Dar es Salaam, chenye nazi na samaki. Na tiger ni mnyama asiyekuwako katika nyika zetu. Wengine humwita chui milia. Mfasiri akisema Chui wa Mafia, watazamaji watadhani chui ameogelea hadi kisiwani. Mfasiri dhaifu atalikwepa jina. Hodari atalishika kosa hilo hilo alifanye mzaha, na hivyo picha ya Kampala itapata kichekesho ambacho mtengenezaji wake hakukiwaza.

La pili ni zito zaidi. Kiingereza chaweza kumwita mhalifu wa kila namna kwa neno moja lisilopima kosa lake. Kiswahili cha mtaani hupima. Mwizi huchukua kwa siri. Mnyang'anyi huchukua kwa nguvu. Jambazi leo ni mnyang'anyi wa kuogopwa, aghalabu mwenye silaha. Tapeli hutumia hila, na aliyetapeliwa hutoa mali yake kwa mkono wake. Kibaka hunyakua vitu vidogo njiani akakimbia. Mfasiri hawezi kufungua kinywa asihukumu. Akimwita Richard jambazi, watazamaji humwogopa. Akimwita kibaka, mkubwa wa genge hushushwa hata chini, nao hucheka. Bad Black akiitwa mwizi, yuko upande mmoja wa sheria. Akiitwa mjanja, amekwisha kusamehewa nusu. Katika hadithi zetu Sungura huitwa mjanja, haitwi mwizi, ingawa huiba.

Hapa ndipo twaona kiini cha kichekesho cha wahalifu kwa lugha yetu. Kicheko hutoka katika kupanda na kushuka kwa jina la mhalifu kuliko katika uhalifu wenyewe. Kamusi hutuambia maana ya jambazi na kibaka, lakini haituambii ni wakati gani msemaji humhamisha mtu mmoja kutoka jina hili hadi jina lile, na watazamaji huitikiaje. Mambo hayo yamo katika kanda za wafasiri, kwa wingi, yakisemwa na watu wasiokuwa na habari ya kwamba wanachunguzwa.

Zaidi ya hayo, mtazamaji wa Marangu humjibu mfasiri. Huenda akacheka kwa Kiswahili na kulaumu kwa Kivunjo. Mahali lugha moja inapoiachia nyingine ni mahali pa kuandikwa, nalo ni jambo lisilopatikana katika vitabu vilivyopigwa chapa.

VI. Pingamizi moja, na shauri

Iko hoja ya haki dhidi ya maneno haya. Kanda nyingi zilizotafsiriwa zilinakiliwa pasipo ruhusa ya wenye picha, na Tanzania inayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Maktaba ya chuo haiwezi kujaza rafu zake kwa mali isiyo halali. Nakubali. Lakini kanda hizo nazo hazitungoji. Mashine za kuzichezea zimekuwa adimu, diski hukwaruzika, na katika nchi ya mvua kama Marangu ukungu hauishii milimani. Huingia na katika kanda.

Shauri langu ni kurudi Vugiri. Waliotia sauti katika santuri mbali na picha walitufundisha, bila kukusudia, ya kuwa vitu hivyo viwili vyaweza kutengwa. Picha ni ya mwenyewe. Maneno ya Kiswahili ni kazi ya mfasiri. Basi tukusanye sauti, tusikusanye picha. Mfasiri aliye hai aombwe ridhaa, jina lake liandikwe, aeleze alianza lini na wapi, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na vicheko na majibu ya watazamaji pale yalipopatikana. Tukio moja likipatikana kwa sauti za wafasiri wawili, mmoja wa Dar es Salaam na mmoja wa Nairobi, yawekwe bega kwa bega, ili tofauti za msamiati zionekane. Kama sauti na picha vimeshikamana katika kanda moja, yatosha kuandika maneno na kumrudishia mwenye kanda kanda yake.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka daftari, kinasa sauti, na mtu asiyeona haya kuketi juu ya benchi kibandani. Wakaliga walipoteza picha yao wakabaki na sauti. Sisi tunazo picha za kila nchi, na sauti zetu ndizo zinazopotea. Wasomaji walio karibu na wafasiri hao, Kilimanjaro au penginepo, wangefanya vyema kuanza na mmoja, maana wazee wa kazi hii hawatakuwa nasi siku zote.