Kemia Katika Ndoo ya Klorini: Kujifunza kwa Udadisi na Ushirikiano

Muuguzi anayesafisha damu iliyomwagika sakafuni huhitaji maji ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5. Kanuni aliyoikariri chuoni ni fupi: kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji. Hata hivyo, kanuni hiyo ni sahihi endapo tu dawa iliyomo chupani ina nguvu ya asilimia 3.5. Dawa ya asilimia 5 huhitaji vipimo tisa vya maji. Ya asilimia 2.5 huhitaji vinne pekee. Anayeichanganya hii ya mwisho kwa vipimo sita hupata takriban asilimia 0.36, na sakafu inayong'aa yaweza kubaki na vimelea.

Kosa hilo huanzia darasani, pale mwanafunzi anapopewa jibu kabla ya swali. Kujifunza kwa udadisi na ushirikiano hugeuza utaratibu huo. Njia hii, iliyopata umbo mahususi katika madarasa ya kemia ya vyuo vya Marekani miaka ya 1990, huwaweka wanafunzi katika vikundi vya watatu au wanne, kila mmoja akiwa na jukumu lake: kiongozi, mwandishi, msemaji na mtathmini. Kwanza huchunguza takwimu, kisha huunda kanuni wao wenyewe, na hatimaye huitumia kwenye tatizo jipya.

Wakipewa chupa tatu zenye nguvu tofauti, wanafunzi hugundua kwamba nguvu ya dawa hugawanywa kwa nguvu inayohitajika, kisha hutolewa moja. Wakiulizwa kwa nini dawa hiyo haichanganywi na asidi ya kusafishia choo, hubaini kwamba mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu.

Hata hivyo, kuketi meza moja si kushirikiana. Mmoja akikokotoa na watatu wakinakili, tafakuri tunduizi haijengeki. Wajibu wa mwalimu ni kuuliza, "Mmejuaje?", na kuvumilia ukimya unaofuata.

Swali hilo hilo linafaa wodini na nyumbani. Kabla ya kuchanganya dawa yoyote ya klorini, soma kwanza nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Na mgonjwa anayeuliza sababu ya maelekezo aliyopewa hamvunjii mhudumu heshima, anamsaidia kufikiri.