Matairi ya mbele ya trekta la zamani: angalia rimu na kazi kabla ya kulipa

Trekta la zamani bado lina kazi nyingi huku kwetu. Mvua zikianza linalima mashamba ya vikundi. Nyasi zikifika kiunoni linafungwa mashine ya kufyeka nyuma na kupelekwa kwenye uwanja wa shule, kituo cha afya au kando ya barabara. Likiwa mali ya kikundi cha wakimbizi na wenyeji, kila ununuzi unatoka kwenye sanduku la akiba. Ndiyo maana matairi mawili ya mbele yanaweza kuleta ugomvi: ni madogo, kwa hiyo hununuliwa haraka, chochote kinachoingia kwenye inchi 16.

Anza na rimu, si tairi

Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa mwaka 1964, mara nyingi huvaa mbele tairi la 6.00-16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Lakini trekta la umri huo limepita mikononi mwa mafundi wengi, na rimu huenda ilishabadilishwa. Sugua chuma kwa brashi ya waya, usome namba iliyopigwa hapo. Upana wa rimu ndio utakaokuambia tairi gani litakaa vizuri.

Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Arua na Koboko zimejaa magari ya Land Cruiser ya mashirika, na mengi huvaa 7.50R16. Yakichakaa, matairi hayo huuzwa kwa bei nafuu. Yanaingia kwenye rimu ya trekta, kwa kuwa zote ni inchi 16. Ila tairi hilo linataka rimu ya upana wa inchi 5.50 au 6, na rimu nyingi za 6.00-16 ni za inchi 4 au 4.50. Kwenye rimu nyembamba tairi linavimba kama mpira, linakanyaga kwa katikati tu, na ukikata kona upepo ukiwa mdogo kingo zake zinaweza kuchomoka kwenye rimu. Muuzaji akisema "linaingia", muulize linakaa kwenye rimu ya upana gani.

Matuta ya tairi yana kazi yake

Tairi la kawaida la mbele la trekta lina matuta matatu yanayolizunguka, na ubavuni limeandikwa F-2. Tuta la katikati, lililo refu kuliko mengine, hukata udongo na kulishika trekta lisiteleze ukizungusha usukani. Mashine ya kufyeka ikiinuliwa, uzito wote unavuta nyuma na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Kwenye majani mabichi au mteremko, tairi la gari lililoisha huteleza tu. Unageuza usukani, trekta linaendelea mbele. Kwenye uwanja wenye watoto, hilo si jambo dogo.

Upande wa pili, tuta hilo huchana nyasi za uwanja wa mpira. Kama trekta lenu halilimi kabisa, linafyeka tu viwanja vilivyo sawa, tairi la F-3 lenye matuta mengi mapana litaacha alama chache, mradi namba yake ilingane na rimu. Lakini matrekta ya namna hiyo ni machache West Nile. Linalolima na kufyeka lipewe F-2. Ukiwa uwanjani geuza kwa duara kubwa, na subiri udongo ukauke baada ya mvua. Ukiona I-1, hilo limetengenezwa kwa tela na zana za kuvutwa, si kwa usukani, ingawa matuta yake yanafanana.

Baada ya hapo tazama herufi PR. 6PR ni nguvu ya kawaida kwa trekta dogo. 8PR huvumilia zaidi. Mashine ikipita, visiki vya vichaka hubaki vimechongoka kama mikuki, na miiba ya migunga ipo kila mahali, kwa hiyo wanaofyeka porini wana sababu ya kuongeza pesa kidogo. Tyubu iwe ya namba ileile ya tairi. Iliyo kubwa hujikunja ndani na kupasuka mapema. Hakikisha pia valvu inapita kwenye tundu la rimu.

Kwa wale wanaoendesha trekta juu ya lami kati ya Arua na Koboko: alama A6 maana yake kikomo ni kilomita 30 kwa saa, A8 ni 40. Lami hula matuta haraka.

Kagua ekseli kwanza

Kama tairi la zamani limeisha upande mmoja, jipya litaisha vilevile. Inua mbele kwa jeki, weka gogo chini ya ekseli, tikisa gurudumu. Likicheza, tengeneza beringi au rodi za usukani kabla ya kununua chochote. Kisha pima umbali kati ya rimu mbili, mbele na nyuma, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu. Kipimo cha mbele kiwe sawa na cha nyuma au pungufu kwa milimita chache.

Dukani nendeni wawili, mmoja akiwa anajua Kilugbara au Kikakwa. Kunja ubavu wa tairi kwa mkono. Nyufa ndogo kati ya matuta zinaonyesha limekaa juani muda mrefu, hata kama linang'aa. Namba nne kama 3223 ni wiki ya 32 ya mwaka 2023. Nunua yote mawili ya aina moja, na risiti iandikwe namba kamili ya tairi.

Fundi akijaza upepo, tumieni maji ya sabuni kwenye kingo na msisimame mbele ya gurudumu. Namba ya psi iliyo ubavuni ni kikomo, kamwe msiipite ili kingo zikae. Pampu ikisoma bar, bar 2 ni kama psi 29. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, kaza nati tena.