Mgonjwa wa Kansa Akilia Mgongo

Huku kwetu Molo, Njoro na Bahati, nani haumwi na mgongo? Ukishinda umeinamia viazi, jioni utaujua. Ndiyo sababu mgonjwa wa kansa akilalamika mgongo, jamaa humkanda kwa maji moto na kungoja. Kwa huyu, kungoja ni hatari.

Kansa ya matiti, ya tezi dume na ya mapafu huweza kuhamia mifupani. Ikiingia uti wa mgongo, uvimbe waweza kukandamiza mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani yake, ule unaoipa miguu nguvu na kuongoza haja. Maumivu ndiyo hutangulia, pengine kwa wiki kadhaa. Huzidi mgonjwa akilala, akikohoa au akijikamua chooni. Kisha miguu hulegea, ganzi hupanda, mkojo hukwama. Hapo msingoje kliniki ya mwezi ujao. Ni hospitali siku iyo hiyo.

Huko hupewa dawa ya dexamethasone kupunguza uvimbe, hupigwa picha, halafu mionzi. Wachache hufanyiwa upasuaji. Zamani mionzi ya hospitali ya serikali ilikuwa Kenyatta, Nairobi, kilomita 160 hivi. Siku hizi inapatikana hapa Nakuru mjini.

Je, atapona? Tuseme ukweli: matibabu haya hayaondoi kansa, na wengi hubakiwa na miezi tu. Lakini kwenda choo kwa miguu yako miezi hiyo si jambo dogo. Anayefika akitembea, mara nyingi huendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kabisa, ni wachache huinuka. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, wengi wa wagonjwa wake wakiwa Uingereza, ulilinganisha mionzi ya siku moja na ya siku tano. Baada ya wiki nane, 69 kati ya 100 wa siku moja walikuwa wakitembea, na 73 wa siku tano. Kwa hiyo ulizeni daktari kama siku moja yatosha. Nauli nayo ni mzigo.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, na visigino na matako vikaguliwe, maana vidonda vya kulala huua.

Vikundi vyenye akiba ya dharura vipange gari mapema. Mgonjwa huyu asafirishwe amelala chali juu ya ubao ulionyooka. Pikipiki hapana, hata kama ndiyo iliyo karibu.